Somo la Nyumba Isiyokaliwa: Kuihifadhi Milki ya Mtu Aliye Mbali Nayo

Nyumba isiyo na mtu ndani yake haikosi mwenyewe. Msingi huu umewekwa wazi katika Sura An-Nur, aya ya 27 hadi ya 29, ambamo Waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka wabishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Na wakiwa hawakumkuta mtu, wamekatazwa vilevile kuingia mpaka wapewe idhini. Kwa hiyo kimya cha ndani hakihesabiwi kuwa ni ruhusa. Aya ya mwisho katika hizo tatu imeondoa lawama kwa nyumba zisizokaliwa ambazo mpitaji ana manufaa nazo, na wafasiri wameieleza kuwa ni mfano wa nyumba za wasafiri, maduka na majengo yaliyowekwa kwa ajili ya watu wote. Shamba la mtu lililofungwa kwa kufuli halimo humo, ijapokuwa nyasi zimeota mpaka dirishani.

Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya mwenye kuchukua ardhi ya mwenziwe kwa dhuluma, hata ikiwa ni kadiri ya shubiri moja. Vilevile amebainisha kuwa mti uliopandwa kwa dhuluma haumpi aliyeupanda haki juu ya ardhi aliyoupandia. Wanavyuoni wa Kiibadhi walilishughulikia jambo hili tangu mapema. Sheikh Abul-Abbas Ahmad bin Muhammad bin Bakr wa Nafusa, aliyefariki mwaka 504 Hijria (1111), aliandika kitabu kizima juu ya mgawanyo wa ardhi na misingi yake, ambamo mna mas-ala ya njia, maji, miti, majengo na mipaka baina ya jirani na jirani. Watu wa milima na majangwa ya Afrika ya Kaskazini hawakuwa wageni wa suala la ardhi ambayo mwenyewe ameondoka.

Lakini haki ya mwenye mali ni jambo moja, na njia ya kuihifadhi na kuirejesha ni jambo jingine. Wengi wanaijua ile ya kwanza na kuipigia kelele. Ya pili hawaijui mpaka siku wanapofika shambani wakakuta moshi wa jiko unatoka katika nyumba yao.

HALI YA JAMAA WA MIDRAND

Mji wa Midrand ulipata halmashauri yake mwaka 1981, katikati ya Johannesburg na Pretoria, na tangu Desemba 2000 umekuwa ni sehemu ya Jiji la Johannesburg. Mtu apitaye barabara kuu ya N1 huona maofisi, maghala na mitaa iliyozungushiwa kuta ndefu. Haoni kwa urahisi kwamba upande wa mashariki ipo Ivory Park, mtaa uliozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya viwanja vitupu, na ambao sensa ya 2011 ilikuta humo watu zaidi ya 180,000. Baina ya pande hizo mbili pana viwanja vikubwa vya kilimo kama vile vya Glen Austin, ambako mtu anaweza kuwa na hekta moja au mbili, nyumba kuukuu na kisima. Basi mwenye nyumba tupu na asiye na nyumba kabisa wanaishi katika mji mmoja, na umbali baina yao ni wa dakika chache kwa gari. Asiyeliangalia jambo hili hataelewa kwa nini mahakama za nchi hiyo zinahukumu kama zinavyohukumu.

(Ndani ya Midrand humo humo imo ardhi ya Waterfall, iliyo mikononi mwa jamii ya Kiislamu ya Mia tangu miaka ya 1930. Nyumba zilizojengwa juu yake hazikuuzwa pamoja na ardhi, bali wakaazi wake wamepewa mikataba ya kupanga ya miaka 99. Ni dalili kwamba ardhi inaweza kujaa watu na bado ikabaki kuwa ya mwenyewe, ikiwa kila aliyeingia ameingia kwa mkataba.)

Jamaa wa Afrika ya Mashariki waliokwenda huko kwa kazi au biashara aghalabu wana milki ya pili. Baadhi yao wamenunua kishamba upande wa Magaliesburg, Hartbeespoort au Cullinan, kwa nia ya kwenda mwisho wa juma na kuwalea watoto wakiijua ardhi. Na takriban wote wana shamba la urithi nyumbani, Unguja, Pemba, Tanga au mwambao wa Kenya. Mwanzoni huenda kila Jumamosi. Kisha watoto wanaingia masomo ya jioni, gari linaharibika, mkubwa wa nyumba anahamishiwa kazi nchi nyingine, na shamba linaanza kuonekana mara mbili kwa mwaka. Hapo ndipo somo hili linapoanza.

SHERIA YA NCHI INAVYOSEMA

Tangu mwaka 1951 Afrika ya Kusini ilikuwa na sheria ya kuzuia uvamizi wa ardhi ambayo ilifikia kuruhusu mabanda ya watu yabomolewe hata bila ya amri ya mahakama. Ilikuwa sheria ya ubaguzi, na ilikwenda pamoja na ile ya ardhi ya 1913 na ile ya maeneo ya makabila ya 1950. Walioonja machungu yake ni pamoja na watu wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Hao ni wazao wa watumwa waliokombolewa baharini na kuteremshwa Natal kuanzia mwaka 1873, wakaishi King's Rest, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth kwa nguvu ya sheria hizo. Kwa hiyo Katiba ya 1996 iliweka katika kifungu cha 26 kwamba hapana mtu atakayetolewa katika makaazi yake, wala makaazi yake kubomolewa, bila ya amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia hali zote zinazohusika.

Sheria Namba 19 ya 1998, inayojulikana kwa herufi PIE, ilianza kutumika tarehe 5 Juni 1998 na kuifuta ile ya 1951. Sheria hii haimpi mvamizi milki, na wanaosema hivyo wanaisingizia. Inachofanya ni kumzuia mwenye milki asiwe hakimu wa kesi yake mwenyewe. Mwenye kumtoa mtu katika makaazi yake bila ya amri ya mahakama ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka 2. Mwenye ardhi anapokwenda mahakamani, wanaoikalia ardhi na halmashauri ya mji sharti wapewe taarifa ya maandishi siku zisizopungua 14 kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakama itaangalia ikiwa ni haki na uadilifu kuwatoa, na imeagizwa iwatazame hasa wazee, watoto, walemavu, na nyumba zinazoongozwa na wanawake.

Hapa ipo mipaka ya muda ambayo kila mwenye shamba la mbali hana budi kuijua. Ikiwa waliomo wamekaa chini ya miezi 6, mahakama inaangalia hayo yaliyotajwa. Ikiwa wamezidisha miezi 6, linaongezeka swali jingine: je, halmashauri ina ardhi ya kuwapeleka, au inaweza kuipata? Na swali hilo laweza kuchukua miaka. Mnamo Desemba 2011, katika kesi ya jengo la Blue Moonlight lililoko Berea, Johannesburg, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa Jiji lina wajibu wa kuwapatia makaazi ya muda hata wale wanaotolewa na mwenye milki binafsi, ikiwa wangebaki bila ya pa kulala. Uamuzi huo una uadilifu, lakini maana yake kwa mwenye shamba ni kwamba kesi yake sasa inasubiri nyumba za Jiji, na nyumba za Jiji zina foleni.

Basi anayelitembelea shamba lake mara mbili kwa mwaka ameuacha muda wa miezi 6 upite bila ya yeye kujua.

KISA CHA MODDERKLIP

Kisa hiki ni cha karibu na Midrand, upande wa Benoni, na kinafundisha kuliko vifungu vyote. Shamba la Modderklip lilipakana na Daveyton na kitongoji cha Chris Hani kilichofurika watu. Mwezi Mei 2000, watu wapatao 400 walitolewa kitongojini na halmashauri, wakavuka na kuingia shambani, wakajenga vibanda kama 50 vya mabati, ambavyo wenyeji huviita mikhukhu. Hao 400 walikuwa wamefukuzwa kwingine, nao walidhani kwamba walipofikia ni ardhi ya halmashauri.

Mwenye shamba alikwenda polisi akashitaki kwa kuingia bila ya idhini, kwa mujibu wa sheria ya 1959. Washitakiwa wakatiwa hatiani, wakaonywa, wakaachiliwa, wakarudi kule kule shambani. Mkuu wa jela ya karibu akamwomba mwenye shamba aache kushitaki, kwa kuwa jela haingeweza kuwameza watu wote hao. Ilipofika Oktoba 2000, vibanda vilikuwa kama 4,000 na watu 18,000. Mwenye shamba alijaribu pia kuiuzia halmashauri sehemu iliyovamiwa, na mazungumzo hayakuzaa kitu.

Mahakama Kuu ikatoa amri mwezi Aprili 2001 kwamba watu waondoke ndani ya miezi 2. Hawakuondoka. Ofisa wa mahakama mwenye kazi ya kutekeleza amri hiyo, mfano wa dalali wa mahakama wa Tanzania, akataka kwanza awekewe dhamana ya randi milioni 1.8 ili akodi watu wa kubomoa na kuhamisha. Kiasi hicho kilizidi thamani ya ardhi yenyewe iliyovamiwa. Polisi nao wakasema kuwa hilo ni jambo baina ya watu binafsi. Mwenye shamba akabaki na karatasi ya amri mkononi na mji mzima juu ya ardhi yake, kwani idadi ilikwishafika watu kama 40,000.

Mahakama ya Rufani mwaka 2004, na Mahakama ya Katiba tarehe 13 Mei 2005, ziliamua kuwa Dola ndiyo iliyokosa: mwenye shamba alitendewa ubaya kwa kuachwa peke yake na mzigo wa kuwahifadhi maskini wa mji mzima, na watu waliomo walitendewa ubaya kwa kukosa pa kwenda. Ikaamriwa kuwa watu wabaki mpaka wapatiwe ardhi nyingine, na Serikali imlipe mwenye shamba fidia.

Msomaji na azingatie mwanzo wa kisa kuliko mwisho wake. Vibanda 50 vya Mei viliweza kushughulikiwa na mahakama kwa wiki chache. Vibanda 4,000 vya Oktoba havikuweza kushughulikiwa na mtu yeyote. Na Modderklip lilikuwa shamba lenye kazi na wenyewe wakiliona kila siku. Je, shamba ambalo mwenyewe yuko Maskati kwa mkataba wa miaka 3?

MLINZI: MAMBO YANAYOSAHAULIKA

Dawa inayotumiwa na wengi ni kumweka mtu akae. Ni dawa nzuri, nayo ina madhara yake ikinywewa bila ya kipimo. Sheria Namba 62 ya 1997 inawahifadhi watu wa kipato kidogo wanaokaa, kwa idhini ya mwenyewe, katika ardhi iliyo nje ya miji iliyotangazwa rasmi. Aliyekaa mwaka mmoja mfululizo na kwa uwazi huchukuliwa kuwa alipewa idhini, mpaka ithibitishwe kinyume chake. Aliyekaa miaka 3 huhesabiwa kuwa mwenyewe alijua. Na aliyekaa miaka 10 kisha akafikia umri wa miaka 60, haki yake ya makaazi haiondolewi kwa kuwa tu mwenye shamba amebadili nia. Ana pia haki ya kuzuru makaburi ya jamaa zake yaliyomo shambani na kuyatunza.

Haya hayakutajwa ili mlinzi aonekane adui. Mtu aliyelinda mali ya mwenziwe miaka 10, akazeeka humo, ana haki mbele ya Mwenyezi Mungu hata kama hapana sheria iliyoitaja, na mwenye kumtoa mzee kama huyo ili shamba lipate bei nzuri amefanya ubaya. Makusudio ni kuwa mapatano yawe wazi tangu siku ya kwanza. Kuandika mikataba kumeamrishwa katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, ile ya 282 ya Sura Al-Baqara, nayo inahusu deni dogo na kubwa. Ni ajabu kwamba watu wanaoandikiana hati kwa deni la gari humwachia mtu shamba zima kwa neno la mdomo.

Hati ya mlinzi itaje jina lake, jamaa atakaokaa nao, chumba au nyumba atakayokaa, ujira wake, na kwamba makaazi yake ni sehemu ya kazi. Itaje kama anaruhusiwa kulima mboga na kufuga kuku, na kwamba haruhusiwi kupangisha wala kukaribisha jamaa wengine kujenga. Iandikwe kwa lugha anayoifahamu, naye asomewe mbele ya mashahidi wawili. Ujira ulipwe kwa wakati na kwa stakabadhi. Mlinzi asiyelipwa miezi 4 atatafuta riziki katika alichokabidhiwa, na hapo wa kulaumiwa kwanza anajulikana. Mabanda mengi ya kupangisha yaliyoota nyuma ya nyumba zilizoachwa yalianza kwa mlinzi mwenye njaa.

Ikiwa hapana uwezo wa kumweka mlinzi, jirani mwema ni bora kuliko ukuta. Baadhi ya wenye mashamba humruhusu jirani alishe ng'ombe wake au akate majani kwa malipo madogo ya mwaka, kwa maandishi. Manufaa yake ni mawili: nyasi zinabaki fupi, na kila siku yupo mtu anayeonekana. Wavamizi hutafuta mahali ambapo hapana mtu wa kuuliza.

UA, MOTO NA ALAMA

Seng'enge nne na lango lenye kufuli havimzuii aliyekusudia, lakini vinaondoa udhuru. Aliyekata waya hawezi kusema mbele ya hakimu kuwa hakujua. Kibao langoni chenye maneno machache kwa lugha mbili tatu za eneo hilo, pamoja na namba ya simu inayoitika, kina thamani kuliko ilivyo bei yake. Alama za mipaka za mpimaji zitafutwe na kusafishwa. Watu wengi wanamiliki hekta 2 na hawawezi kuonesha pembe zake. Uzio wa umeme unaowekwa huko sharti uwe na cheti cha fundi aliyesajiliwa. Ama mitego ya kuumiza, mashimo yaliyofunikwa na waya uliotiwa umeme wa nyumbani, hayo hayafai kisheria wala kidini, kwani aghalabu atakayenaswa ni mtoto aliyefuata mpira au mama aliyefuata kuni.

Vitu vinavyowavuta wezi viondolewe kabla ya safari: pampu ya kisima, betri, mabomba na nyaya za shaba. Nyumba iliyong'olewa milango na madirisha huwa imekwishatangaza kuwa haina mwenyewe, na anayeingia baada ya wezi huona kama anaokota. Mkataba wa bima nao usomwe, kwa kuwa mingi ina sharti juu ya nyumba iliyokaa bila ya watu kupita siku zilizotajwa humo, na madai hukataliwa kwa sharti hilo.

Moto ni jambo ambalo wageni kutoka pwani hawalifikirii. Katika nyanda za juu za Gauteng majira ya baridi hayana mvua, na kuanzia Mei mpaka Septemba majani huwa makavu kama karatasi. Sheria Namba 101 ya 1998 inamwajibisha mwenye ardhi kufyeka njia ya kuzuia moto mpakani mwake na kuwa na vifaa vya kuzimia. Akiwa hayupo, ahakikishe kuwa wapo watu shambani au karibu yake watakaoukabili moto. Moto ukivuka kutoka kwake na kuunguza shamba la jirani, naye si mwanachama wa jumuiya ya kuzuia moto ya eneo hilo, kisheria huchukuliwa kuwa alizembea mpaka athibitishe vingine. Kwa maneno mengine, kutokuwepo kwake si udhuru, bali ni sehemu ya kosa.

SIKU YA KWANZA

Mas-ala: Mtu anaishi Midrand, ana kishamba umbali wa saa moja. Jirani anampigia simu alfajiri kuwa watu wanasimamisha nguzo. Afanye nini?

Jawabu: Aende siku hiyo hiyo, wala asiende peke yake. Mahakama za huko zinakubali kuwa mwenye kushika mali anaweza kuzuia uporaji papo hapo, maadamu kitendo hakijakamilika. Lakini Mahakama ya Rufani mwezi Julai 2024, katika kesi iliyolihusu Jiji la Cape Town, iliufunga mlango huo ukabaki upenyo mdogo tu: kibanda kikishasimama na mtu akashika mahali pake, fursa ya kujitetea bila ya mahakama imekwisha. Kwa hiyo asichukue kundi la vijana wenye nyundo. Afungue shitaka polisi na kuchukua namba yake. Apige picha zenye tarehe, ahesabu vibanda, na awaulize watu majina kwa upole. Aiandikie halmashauri siku hiyo, na aonane na wakili kabla ya juma kumalizika. Ikiwa pana hatari ya kweli na ya karibu kwa watu au mali, ipo njia ya dharura katika kifungu cha 5 cha sheria ya 1998.

Awaulize pia ni nani aliyewapa viwanja hivyo. Mara nyingi jawabu litakuwa kwamba walilipa. Wapo matapeli wanaokata ardhi za watu vipande na kuwauzia maskini kwa stakabadhi za uongo, na kifungu cha 3 cha sheria hiyo kimefanya kupokea fedha kwa namna hiyo kuwa jinai. Basi aliyesimama mbele yake akishika bati huenda naye ameibiwa akiba yake yote, na wote wawili wanamdai mtu mmoja ambaye hayupo pale. Mwenye shamba akilijua hilo atasema nao kwa namna nyingine, na huenda wakawa mashahidi wake.

Asikate maji wala umeme kwa watu walioingia nyumbani, kwani hilo nalo linahesabiwa kuwa ni kujichukulia sheria mkononi. Na asikubali kupokea kodi hata ya mwezi mmoja kwa ajili ya kupunguza hasara, kwa sababu mwenye kupokea kodi amemfanya mvamizi kuwa mpangaji.

SHAMBA LA NYUMBANI

Muda wa kupoteza ardhi kwa sababu ya kuiacha unatofautiana. Afrika ya Kusini, kwa sheria ya 1969, mtu hupata milki akiishika ardhi kwa uwazi miaka 30 kama kwamba ni yake. Kenya ni miaka 12. Tanzania Bara, kwa sheria ya 1971, dai la kurejesha ardhi nalo hufa baada ya miaka 12, ingawa aliyekaribishwa na mwenyewe hawezi kuitumia miaka hiyo dhidi ya aliyemkaribisha. Watoto waliozaliwa Midrand leo watakuwa wanamaliza shule ya msingi miaka 12 itakapotimia.

Zanzibar ina hukumu yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya Serikali, na kwa sheria ya ardhi ya 1992 alichonacho mtu ni haki ya kuitumia. Lakini ada ya zamani ya kutenganisha mti na ardhi ingali katika fikra za watu. Mwenye shamba la mikarafuu alimruhusu mtu alime muhogo chini ya miti, akikataza asipande mnazi wala mkarafuu, kwa kuwa mti wa kudumu ungekuwa wa aliyeupanda. Makatazo hayo yangali na faida. Mtunza shamba wa Pemba au Unguja aandikiwe kuwa mazao ya msimu ni yake, na kila mche wa kudumu uhesabiwe kwa idadi. Ikumbukwe pia kuwa mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakulima wao kwa ugomvi wa vyama vya siasa, na uchungu wa jambo lile ulibakia nyoyoni hadi miaka iliyofuata.

Mwambao wa Kenya unataka uangalifu zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai waje waandikishe. Waliokuwa na habari na uwezo waliandikisha, na wengi katika Wamijikenda hawakuandikisha, na ardhi waliyokuwa wakiilima ikahesabiwa kuwa ya Serikali au ya mwingine. Kwa hiyo mjukuu aliyeko Midrand au Maskati akiwa na hati ya babu yake, na akawakuta watu shambani wanaoitwa maskwota, kwanza aulize: je, watu hawa waliingia baada ya hati, au hati ndiyo iliyowaingilia? Sheria ya nchi inaweza kutosheka na karatasi. Mwenye kuogopa dhuluma haitoshi kwake, na suluhu ya kuwaachia sehemu wanayoikalia huenda ikawa ni salama kwa dini yake na kwa mali iliyobaki. Shamba la Waitiki huko Likoni, la ekari 930, lilivamiwa mwaka 1997 wakati wa ghasia, na mwenyewe hakulirudia tena. Mwisho wake Serikali ilibeba jukumu la kulinunua, na Januari 2016 wakaazi wakapewa hati.

Imebaki mas-ala ya urithi, ambayo ndiyo inayowapata wengi. Shamba la marehemu halijagawiwa, ndugu watatu wako ng'ambo, na mmoja yumo shambani miaka 20. Huyo si mvamizi. Yeye ni mshirika aliyebaki, na aghalabu ndiye sababu ya shamba kutochukuliwa na wengine. Haifai kumtumia barua ya wakili kutoka Johannesburg kabla ya kutoka hukumu ya mirathi kwa Kadhi au mahakama inayohusika, na kila mmoja kuijua hisa yake. Baada ya hapo, gharama alizotumia kwa ulinzi na matengenezo zihesabiwe, na mazao aliyokula yahesabiwe pia, kisha waandikiane. Uwakala wa kusimamia hisa za walioko mbali uandikwe kwa jina la mtu mmoja, utaje mwisho wake, na usitaje mamlaka ya kuuza isipokuwa wote wameridhia kwa saini zao. Nakala moja ikae kwa mwenye kusimamia, na nyingine kwa sheha au ofisi ya ardhi ya wilaya.